Dhambi ya asili si asili ya mtu

"Asili yetu ni dhambi." Maneno haya husikika mimbarani, kwenye mazishi, hata kwa mzazi anayemkemea mwanawe, na msemaji huamini kwamba analeta fundisho la dhambi ya asili. Kumbe analigeuza.

Fundisho lenyewe ni hili. Mtu wa kwanza alimwasi Mungu (Mwanzo 3), akapoteza neema na urafiki aliopewa. Wazao wake huzaliwa bila neema hiyo, chini ya mauti, wakiwa na mwelekeo wa kutenda mabaya. Hali hiyo ya kuzaliwa nayo ndiyo dhambi ya asili. Dhambi anazotenda mtu mwenyewe kwa kujua na kwa hiari ni jambo jingine.

Kinachowakwaza watu ni neno asili. Tumelipata kwa Waarabu: asl, mzizi au chanzo. Wakristo wanaosali kwa Kiarabu nao huiita dhambi hii kwa neno hilohilo, al-khatia al-asliyya. Lakini kwetu neno limebeba maana mbili zinazokaribiana mno. Moja ni chimbuko: asili yake Bukoba, hana asili wala fasili. Nyingine ni umbile la kitu kabla hakijaguswa: nywele za asili, rangi ya asili. Anayesikia "dhambi ya asili" kama anavyosikia "nywele za asili" ataelewa dhambi iliyo umbile lenyewe la mtu, naye hana kosa kwa upande wa sarufi, maana kihusishi "ya" kinaruhusu yote mawili. Hata hivyo jina lilikusudiwa kwa maana ya kwanza. Kwa Kilatini ni peccatum originale, jina alilolianzisha askofu Agostino wa Hippo mwishoni mwa karne ya 4, kutokana na origo, yaani chimbuko. Kilatini kina neno lake la umbile, natura, na neno hilo halimo katika jina hili.

Biblia ya Kiswahili nayo imeongeza ugumu kidogo. Waefeso 2:3 katika tafsiri ya Union Version inasema "tukawa kwa tabia yetu watoto wa hasira". Kigiriki ni physei, namna tulivyo tangu kuzaliwa. Msomaji wa leo akiona "tabia" hufikiria mwenendo, kama vile tabia ya ulevi au ya uongo, na mstari unampita.

Kuna mtu aliyewahi kusema waziwazi kwamba baada ya anguko, yaani uasi ule wa Mwanzo 3, dhambi ndiyo kiini cha mwanadamu. Ni Matthias Flacius, mwanatheolojia Mlutheri, katika mdahalo wa Weimar mwaka 1560. Walutheri huiona dhambi ya asili kuwa nzito kuliko wanavyoiona Wakatoliki. Kwao ni dhambi kweli, na Ungamo la Augsburg la 1530, tamko lao la imani, linaeleza hivyo, ilhali Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1546 ulifundisha kwamba tamaa inayobaki baada ya ubatizo si dhambi yenyewe, bali yatokana na dhambi na huvuta kwenye dhambi. Pamoja na uzito huo, Walutheri wenyewe walimkatalia Flacius. Fomula ya Konkordia ya 1577, hati yao nyingine ya imani, inalikataa wazo lake katika kifungu cha kwanza kabisa, na sababu zake ni nzito. Umbile la mtu huumbwa na Mungu hata leo, kwa hiyo kama umbile hilo ni dhambi, Mungu ndiye muumba wa dhambi. Mwana wa Mungu alitwaa umbile letu, asitwae dhambi. Tena umbile hilohilo ndilo litakalofufuliwa, dhambi isifufuke nalo.

Kwa Wakatoliki jibu limo ndani ya neno wanalolitaja kila tarehe 8 Desemba: Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. (Sherehe hiyo inahusu Maria kutungwa mimba tumboni mwa mama yake. Kutungwa kwa Yesu ni tarehe 25 Machi.) Mtu hukingiwa mvua, hukingiwa jua, hukingiwa jambo linalomjia. Hakuna anayekingiwa umbile lake. Kama dhambi ya asili ingekuwa ndiyo ubinadamu, aliyekingiwa asingekuwa binadamu.

Tazama pia ubatizo wa mtoto mchanga. Padri huomba mtoto aondolewe dhambi ya asili na afanywe hekalu la Mungu, na humpaka kifuani mafuta ya wakatekumeni, yaani ya wanaoandaliwa kubatizwa. Wazazi na wasimamizi humkataa shetani na kukiri imani. Kisha padri humbatiza mtoto kwa maji mara 3, humpaka mafuta ya krisma utosini, ndipo huja vazi jeupe na mshumaa. Hakuna hatua ya kumuungamisha, kwa kuwa hajatenda kitu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 404, inasema dhambi hii imepokewa, haikutendwa. Ni hali, si tendo. Wala haitokani na tendo la ndoa, kama wengi wanavyonong'ona: "zaeni, mkaongezeke" ni Mwanzo 1:28, kabla ya nyoka kutajwa popote.

Utambulisho wa mtu mbele za Mungu umeandikwa mstari mmoja kabla ya hapo: kwa mfano wa Mungu alimwumba. Haukufutwa na anguko. Baada ya gharika, Mwanzo 9:6 inakataza kumwaga damu ya mtu kwa sababu hiyohiyo, na Yakobo 3:9 inakemea kuwalaani watu "waliofanywa kwa mfano wa Mungu". Yakobo alikuwa akizungumzia watu wa kawaida, wenye dhambi zao.

Kwa hiyo, ndugu mhubiri na mwalimu wa katekisimu, sema "tumezaliwa na dhambi ya asili", au "asili yetu imejeruhiwa". Ile "asili yetu ni dhambi" iache, hasa mbele ya watoto, maana wao huichukua kama ilivyo.