Mlezi wa mbwa wa huduma ni nani?

Ukiingia ukumbi wa mihadhara wa Chuo Kikuu cha Rutgers, jimboni New Jersey, unaweza kumkuta mbwa amelala chini ya kiti cha mwanafunzi, amevishwa kizibao, hana habari na mtu. Mwanafunzi huyo hajaamua kuja na mbwa wake darasani. Mbwa mwenyewe hata si wake. Yeye ni mlezi wa kujitolea, na mbwa yuko kazini, ingawa kazi yake kwa saa hiyo ni kulala.

Mlezi hukabidhiwa mtoto wa mbwa wa wiki 7 au 8 hivi, akaishi naye zaidi ya mwaka, kisha akamrudisha kwa shirika lenye mbwa. Na mbwa wa huduma, kwa sheria ya Marekani, ni yule aliyefundishwa kazi mahususi ya kumsaidia mtu mwenye ulemavu: kumwongoza asiyeona, kumshtua kiziwi mlango unapogongwa, kumwokotea funguo anayetumia kiti cha magurudumu. Mbwa wa kumliwaza tu bwana wake hahesabiwi humo.

Wengi hudhani mlezi ndiye anayemfundisha mbwa kuongoza. Sivyo. Hiyo ni kazi ya wakufunzi wa shirika. Kwa The Seeing Eye, shirika lililoanzishwa mwaka 1929 ambalo sasa liko Morristown, New Jersey, mafunzo hayo huchukua kama miezi 4, na humo mbwa hufunzwa hata kukaidi: akiambiwa twende na huku gari linakuja, asiende. Mlezi yeye anamzoesha dunia tu.

Lakini hiyo "tu" ni kubwa. Mbwa aliyekulia bandani, akutane na lifti mara ya kwanza akiwa mkubwa, anaweza kugoma kabisa. Kwa hiyo tangu udogoni anapandishwa basi, anapitishwa kwenye vigae vinavyoteleza, anasikilizishwa ving'ora, anaonyeshwa watu wenye miamvuli. Anajifunza kukaa, kuja akiitwa, kujisaidia nje kabla ya kuingia ndani, na lililo gumu kuliko yote: kutofanya lolote. Chipsi imeanguka karibu na pua yake, aiache. Profesa anaongea saa nzima, atulie. Hapo ndipo wanafunzi wanapofaa, maana siku yao moja ina basi, kantini, maktaba na kelele za uwanjani. Kwenye vyama vya wanafunzi walezi, mgeni aghalabu haanzi kwa kupewa mbwa; anaanza kwa kushika zamu, akakaa naye saa kadhaa mlezi akiwa kwenye mtihani.

Kizibao, hata hivyo, hakifungui kila mlango. Sheria ya taifa zima inamhusu mbwa aliyekwisha kufuzu. Aliye mafunzoni hutegemea sheria ya jimbo husika, na pengine hisani ya mwalimu.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Mlezi huyu analea, halafu anatoa. Na si kila mbwa anafuzu: mmoja ana tatizo la nyonga, mwingine hawezi kumwona kindi akanyamaza. Wasiofuzu husemwa kwamba wamebadili kazi. Baadhi huenda kunusa mabomu, na mara nyingi mlezi huulizwa kama angependa kumchukua. Sijui mtu anamwombeaje mbwa dua ya kufaulu huku akijua kwamba akifeli huenda akarudi kulala chini ya kitanda chake.