“Mwalimu, tatizo ni Python”: dhana potofu kuhusu mafumbo ya programu

Jumamosi iliyopita, katika darasa langu la jioni pale Sinza, kijana mmoja alifunika kompyuta yake akaniambia, “Mwalimu, mimi nahamia C++. Python ni nzito, ndiyo maana programu yangu haimalizi.” Kwa mwezi huu pekee huyo ni wa nne. Naandika kwa sababu nimeshaona mwisho wa safari hiyo: mtu anatumia wiki tatu kujifunza lugha mpya ya programu, kisha anarudi na programu ileile isiyomaliza, imebadilishwa nguo tu.

Fumbo nililowapa lilikuwa hili. Una orodha ya bei 100,000 za bidhaa za Kariakoo. Je, zipo bei mbili ambazo jumla yake ni shilingi 50,000 kamili? Kijana aliandika lupu (amri zinazorudiwa tena na tena) ndani ya lupu, kila bei ikilinganishwa na kila bei nyingine. Tuhesabu jozi hizo: 100,000 mara 99,999, gawa kwa 2. Zinatoka 4,999,950,000. Karibu bilioni tano! Python ikitumia dakika kadhaa kwa kazi hiyo, lawama iende kwa aliyeituma.

Ni kweli kwamba kwa lupu zilezile C++ huiacha Python mbali sana. Kompaila yake hugeuza msimbo, yaani maandishi ya programu, kuwa lugha ya mashine kabla programu haijaanza, wakati Python ya kawaida hutafsiri hatua kwa hatua huku kazi ikiendelea. Kwa hiyo akihamia C++, bei zake laki moja zitaisha kwa sekunde chache, naye atashangilia. Sasa nimpe bei milioni moja. Orodha imekua mara 10, lakini jozi zimekua mara 100 hivi: 499,999,500,000. Hapo C++ nayo itamkalisha.

Njia ni kupita kwenye orodha mara moja tu. Ukifika kwenye bei ya 18,000, jiulize: 32,000 nimeshaiona? Kama imo kwenye seti ya bei ulizokwishapita, umemaliza. Kama haimo, iweke 18,000 kwenye seti, songa mbele. Seti ya Python haipekui bei zote ili ikujibu; hukokotoa kutoka kwenye bei yenyewe mahali pa kutazama, ikaenda hapo moja kwa moja. Bei milioni moja zinakuwa hatua milioni moja, na kompyuta ya kawaida ya mkononi inazimaliza kwa sekunde moja hivi, au chini yake. Hiyo ndiyo Python “nzito”, na imeiacha nyuma C++ yenye lupu mbili.

Mwingine aliniletea namba ya 50 ya Fibonacci, mfuatano ambao kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Aliiandika kwa fomula kama ilivyo kitabuni, funksheni (kipande cha programu chenye jina) ikijiita mara mbili. Inajiita zaidi ya mara bilioni 40. Ukihifadhi majibu uliyokwisha kuyapata, haifiki hata mara 100. Hakuna lugha itakayokufidia pengo hilo.

Ndiyo maana darasani kwangu dakika kumi za mwanzo ni za daftari na kalamu. Andika ukubwa wa data, hesabu hatua, ndipo ufungue kompyuta. Wananinunia, na sitabadilisha.

Wenye kulaumu mashine nao nawajibu hapohapo. Advent of Code, mafumbo ya kila Desemba aliyoyaanzisha Eric Wastl mwaka 2015, hufunguliwa saa mbili asubuhi kwa saa za Dar es Salaam, na lugha unachagua mwenyewe kwa kuwa unapeleka jibu tu. Wenyewe wanaeleza kwamba kila fumbo lina njia inayomaliza ndani ya sekunde 15 kwenye kompyuta ya miaka kumi iliyopita. Usikope pesa kununua kompyuta mpya kwa ajili ya hili.

“Nimelitatua kwa lugha tano, basi najua lugha tano.” Hapana. Umeandika Python mara tano kwa alama tofauti. Anayezijua lugha anajua zinapotofautiana. Baki ya -7 kwa 3 katika Python ni 2. Katika C, Java na Go ni -1, na mafumbo mengi ya kuzunguka duara huharibikia hapo. Katika JavaScript, ukiagiza sort (amri ya kupanga) bila maelekezo, 10 inatangulia 9, kwa sababu namba zinapangwa kama maneno. Ukitaka faida ya lugha ya pili, litatue fumbo upya bila kutazama msimbo wako wa kwanza.

“Imepita mfano, basi ni sahihi.” Mifano inayotolewa pamoja na fumbo ni midogo makusudi. Zidisha namba 1 hadi 20, jibu linaingia kwenye namba ya biti 64, yaani nafasi ya tarakimu 64 za 0 na 1. Ongeza 21, halienei tena: Java itakupa jibu hasi bila kukuonya. JavaScript kwa namba zake za kawaida huanza kupoteza usahihi ikivuka 9,007,199,254,740,991. Python haina kikomo hicho, na hapo mzigo wa kuwa “nzito” unalipa.

“Mafumbo haya yanataka hesabu za chuo kikuu.” Hapana. Fumbo la kwanza la Project Euler, tovuti ya mafumbo ya hesabu na programu, linataka jumla ya vigawe vya 3 au 5 vilivyo chini ya 1000, ambayo ni 233168. Vigawe tumefundishwa shule ya msingi. Yapo magumu mbele, lakini utayafikia ukiwa umeshakomaa.

Na wanaodhani kusoma suluhisho la mwenzako ni wizi: hangaika kwanza jioni nzima, kisha lisome, tena lililoandikwa kwa lugha usiyoitumia, ili usiweze kunakili. Kesho yake liandike upya kwa kichwa chako.