Je, wajua kwa nini ukuta hutoa chumvi wakati mvua imeshakatika?

Umenunua nyumba Kigamboni, Bagamoyo au Bamburi, na ilikuwa imepakwa rangi mpya. Masika yamepita salama. Inafika Julai, upepo wa kusi unavuma, jua linawaka, ndipo rangi ya chini ya ukuta inapoanza kuvimba malengelenge. Ukiigusa inadondoka, na nyuma yake kuna unga mweupe. Mvua ilikatika zamani, maji yametoka wapi?

Maji yaliingia kitambo. Kinachojitokeza sasa ni chumvi.

Tofali la saruji lina vinyweleo, na maji ya ardhini hupanda humo kama chai inavyopanda kwenye andazi ulilochovya ncha tu. Kwa kawaida hupanda hadi kama mita moja, yakiwa yamebeba chumvi ndani yake. Wakati wa mvua hewa imejaa unyevu, ukuta haukauki, na chumvi inabaki imeyeyuka bila kuonekana. Hewa ikikauka, maji yanaondoka kama mvuke lakini chumvi haina pa kwenda: inaganda kuwa fuwele. Zikigandia juu ya uso wa ukuta, unazifagia na yamekwisha. Zikigandia nyuma ya rangi au ndani ya plasta, zinakua na kusukuma hadi kitu kibanduke.

Chumvi yenyewe si ya ardhini tu. Nyingine iliingizwa siku ya kujenga, kwa mchanga wa baharini usiooshwa au maji ya kisima yenye chumvi. Hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ikifika kwenye nondo inazitia kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo zege la nguzo na lenta linapasuka kwa kufuata mstari wa nondo. Ukiona ufa wa namna hiyo wenye doa la kahawia, mwite mhandisi. Hiyo si kazi ya mpaka rangi.

Kosa la wengi ni kuziba. Wanapaka rangi ya mafuta, au wanabandika vigae hadi kiunoni. Maji yakikosa pa kutokea hapo chini, yanapanda zaidi na kutokeza juu ya vigae. Zanzibar somo hili ni la zamani: kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo hupitisha unyevu. Zikipigwa plasta ya saruji juu yake, unyevu na chumvi hunaswa ndani.

Basi anza kwa kujua unyevu unatoka wapi. Kata nailoni inayoonyesha ng'ambo, kama sentimita 50 kwa 50, ibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, uiache siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa ukuta, unyevu uko ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, ni hewa tu, na dawa yake ni madirisha. Na kama doa limeanzia katikati ya ukuta unaopakana na bafu, usisumbue msingi. Tafuta bomba linalovuja.

Kisha toka nje uangalie usawa wa ardhi. Hapa ndipo wenye nyumba wanapojiharibia wenyewe, kwa kumwaga kifusi cha bustani au kutandaza pevingi hadi juu ya ile nailoni ya msingi iliyowekwa kuzuia maji. Nailoni inakuwa kama haipo. Shusha ardhi hadi sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, sakafia pembeni kwa mteremko wa sentimita 5 kwa kila mita kutoka ukutani, na uweke gata, maana maji yanayodondoka kutoka kwenye bati huchimba chini na kurushia ukuta tope.

Ukishazuia maji ndipo uguse plasta. Ikwangue hadi sentimita 30 juu ya alama ya mwisho ya unyevu, kisha isugue chumvi kwa brashi ngumu, kavu. Usioshe kwa maji: yanaiyeyusha na kuirudisha ndani. Kama msingi hauna nailoni kabisa, fundi anaweza kutoboa kwa drili mashimo ya milimita 12, kila baada ya sentimita 12 hivi, kwenye mstari wa chini wa udongo wa kuungia tofali, na kujaza krimu ya kuzuia maji.

Halafu ngoja. Makadirio ya kawaida ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, kwa hiyo ukuta wa tofali la inchi sita unaweza kudai nusu mwaka. Fundi anayetaka kupaka rangi wiki ijayo anatafuta kazi ya mwakani.

Plasta mpya iwe ya mchanga wa mto uliooshwa: ndoo moja ya saruji, moja ya chokaa, sita za mchanga. Juu yake rangi ya maji, si ya mafuta. Kabla ya kufungua kopo, bandika tena ile nailoni. Ukiona matone, lirudishe kopo stoo.