Je, wajua kwa nini Land Rover ya kabureta huishiwa pumzi ikifika Njombe?

Land Rover 109 ya baba mdogo ilitoka Dar es Salaam ikiwa nzima kabisa. Chalinze, Morogoro, Mikumi, kote ilinguruma vizuri. Kitonga ikaanza kuchoka, tukasema ni mlima. Lakini hata Makambako, barabara ikiwa imenyooka, bado ilikuwa nzito, na asubuhi yake Njombe tulikuta doa la masizi ukutani nyuma ya ekzosi, ukubwa wa sahani.

Fundi wa kwanza alichukua bisibisi, akakaza kidogo skrubu ya pembeni ya kabureta, injini ikatulia palepale. Tukamlipa, tukaondoka. Kupanda mlima wa kwanza, moshi mweusi ukarudi vilevile. Nilikaa na swali hilo muda mrefu: gari ni lile lile, petroli ni ile ile, kabureta haikuguswa tangu Dar mpaka Njombe. Kimebadilika nini?

Kilichobadilika ni hewa. Kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli kabla ya kuingia kwenye injini, ni bomba lenye shingo nyembamba katikati. Pistoni zinavuta hewa, hewa ikifika shingoni inalazimika kukimbia, na hewa inayokimbia hupungukiwa na mgandamizo. Jambo hilo lilielezwa na Mwitaliano Giovanni Battista Venturi mwaka 1797, na mpaka leo shingo hiyo inaitwa venturi. Kwa sababu ya upungufu huo, petroli iliyotulia kwenye bakuli lenye boya hufyonzwa kupitia jeti, yaani kitundu cha shaba kilichotobolewa kwa kipimo, ikatoka kama manyunyu.

Sasa, injini inajali uzito. Ili petroli iungue yote bila kubaki, kila gramu 1 inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho lita moja ya hewa ina uzito wa kama asilimia 82 tu ya lita moja ya pwani. Pistoni zinavuta lita zilezile, ila ndani yake hewa ni haba.

Mtu angetegemea petroli nayo ipungue kwa kiasi hichohicho. Haipungui. Mfyonzo wa shingoni kweli unashuka mpaka 82 kwa mia, lakini petroli inayopita kwenye kitundu hufuata kipeuo cha pili cha mfyonzo, na kipeuo cha pili cha 0.82 ni kama 0.91. Hewa imepungua kwa asilimia 18, petroli kwa asilimia 9 tu. Ni kama mpishi aliyepunguza unga wa ugali akasahau kupunguza maji: anapata uji. Ile 14.7 inakuwa 13.3. Na kwa kuwa kabureta nyingi tayari humwaga petroli ya nyongeza unapokanyaga mpaka chini, mlimani inakuja nyongeza juu ya nyongeza. Masizi yale ukutani ni petroli iliyokosa hewa ya kuungulia.

Basi kwa nini bisibisi haikusaidia? Skrubu ile inatawala njia ndogo tu ya petroli, ile inayolisha injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa. Ukikanyaga, kazi inahamia kwenye jeti kuu, ambayo skrubu haiigusi kabisa. Inaniuma kuona watu wakilipia skrubu izungushwe gereji baada ya gereji, wakati dawa iko ndani ya bakuli.

Ila si kila moshi mweusi ni wa kimo. Land Rover nyingi za petroli zenye injini ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,286, zilitoka kiwandani na kabureta ya Zenith 36 IV, na hiyo ina ugonjwa wake. Uso wa kipande cha juu hupinda kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi, petroli ikapata mwanya wa kupenya bila kupitia kwenye jeti. Ifungue, weka rula ya chuma juu ya uso huo, inua kuelekea dirishani. Ukiona mstari wa mwanga katikati, umepinda. Msasa laini uliolazwa juu ya kioo, ukasugua taratibu, unaweza kuunyoosha. Ya kwetu ilikuwa imeshasuguliwa mara nyingi mno, tukaamua kufunga Weber 34 ICH, ambayo wenye magari haya wengi huikimbilia. Hainywi sana, ila mlimani nguvu yake iko chini kidogo ya ile ya Zenith nzima. Sisi tulikubali.

Kuifunga si kazi kubwa, lakini mambo mawili huwaponyoka watu. La kwanza ni kuvuja kwa hewa chini ya kabureta: injini ikiwa inanguruma, nyunyiza maji kidogo kuzunguka gasketi, na sauti ikibadilika ujue hewa inaingia kwa mlango wa nyuma. Mpira mwembamba unaokwenda kwenye distributa nao usiachwe wazi. La pili, mtu mmoja akanyage mafuta mpaka sakafuni, mwingine achungulie kooni mwa kabureta. Kipepeo, kile kibati cha ndani kinachofungua njia ukikanyaga, lazima kisimame wima kabisa, kisha kirudi chenyewe. Chetu kilikuwa kinaishia robo tatu, na tungeilaumu Weber bure.

Kuseti kunafanywa injini ikiwa ya moto na choki imefunguka yote. Fungua skrubu ya mchanganyiko mizunguko miwili kutoka ilipogota, kisha ikaze polepole mpaka injini ianze kulegea, halafu irudishe mpaka mlio utulie. Hapo hesabu iko mizunguko mingapi kutoka ilipogota. Kwenye Weber nyingi, ikiishia chini ya mmoja na nusu, jeti ya sailensa, yaani ile ya injini isiyokanyagwa, ni kubwa mno. Ikipita miwili na nusu, ni ndogo mno. Skrubu ina faida hiyo: inakuambia jeti gani ya kubadili.

Jeti kuu ya Weber imeandikwa namba, na 140 maana yake tundu la milimita 1.40. Kwa Njombe tulitaka petroli ipungue kwa kama asilimia 9 nyingine, na kwa kuwa eneo la tundu linafuata mraba wa kipenyo, kipenyo kinapunguzwa kwa asilimia 5 tu: 140 inakuwa kama 133. Inayouzwa karibu na hapo ni 135. Tulipoifunga moshi ulikatika, na plagi zikatoka na rangi ya chai ya maziwa badala ya weusi. Nguvu yote haikurudi, kwa sababu hewa iliyokosekana hakuna jeti inayoweza kuileta.

Ukishuka pwani na 135 hiyo, mambo yanageuka: hewa inakuwa nzito, petroli haitoshi, injini inachemka na valvu za ekzosi zinaweza kuungua. Baba mdogo anaweka ile 140 ndani ya kiberiti kitupu, chini ya kiti cha dereva, na safari ya kurudi Dar anasimama Mikumi kuibadilisha.