Wekundu wa rozela si wekundu wa damu

Jumanne iliyopita kliniki alikaa mbele yangu binti wa miaka 22, mimba ya kwanza, wiki ya 30. Mwezi mmoja nyuma damu yake, yaani himoglobini kwa gramu kwenye desilita moja, ilisoma 8.4. Nilimpa FEFO, vidonge vya chuma na vitamini ya foliki, nikamweleza, akaitikia kwa kichwa. Safari hii kipimo kikasoma 7.8. Nikamuuliza anamezaje vidonge. Akafungua mkoba, akatoa pakiti ileile niliyompa, imepungua kidonge kimoja.

"Nesi, vilinichefua siku ya kwanza. Mama mkwe akasema niviache, ananichemshia rozela asubuhi na jioni ananisagia bitiruti. Namaliza jagi zima."

Jagi zima, kila siku, mwezi mzima. Na huyu alikuwa wa tatu wiki hiyo. Mama mkwe simlaumu hata kidogo: kaenda sokoni alfajiri, katoa hela yake, kafanya yote kwa kumpenda mkaza mwana wake. Ninachokasirikia ni hii imani kwamba chochote chekundu kikiingia tumboni kinageuka damu. Imesafiri kwenye simu za watu kuliko ujumbe wowote tuliowahi kuutoa kliniki, na inawafikisha wanawake leba wakiwa na damu 7. Mwenye damu 11 akipoteza nusu lita wakati wa kujifungua anaweza kuistahimili. Mwenye 7 hana cha kupoteza.

Basi nianze na rangi. Wekundu wa rozela unatokana na anthosayanini, wa bitiruti unatokana na betalaini. Ni rangi za mmea tu, na chuma hamna ndani yake. Damu ni nyekundu kwa sababu ya hemu, ile sehemu ya himoglobini inayobeba chuma. Maini yakiiva ni kahawia, dagaa ni wa rangi ya fedha, choroko ni kijani, na vyote hivyo vina chuma kingi kuliko bitiruti. Rozela ilishafanyiwa kazi na watafiti wa hapahapa Tanzania: waliwapa watu wazima wa eneo lenye malaria dondoo yake iliyotengenezwa kwa vipimo maalumu, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Hali ya chuma mwilini haikuboreka.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo ninapotaka mtu akae kitako. Bitiruti gramu 100 ina chuma takriban miligramu 0.8. Chuma cha mimea hakinyonywi chote. Nikiwa mkarimu nitasema mwili wake wenye njaa ya chuma unachukua sehemu 10 kati ya 100, yaani miligramu 0.08. Kumpandisha binti huyu kutoka 7.8 hadi 11, akiwa na takriban lita 5 za damu kwa hatua hii ya mimba, kunahitaji zaidi ya miligramu 500 za chuma, na hapo sijamhesabia mtoto na kondo la nyuma. Gawanya. Unapata kilo 625 za bitiruti. Amebakiza wiki 10. Ni karibu kilo 9 kila siku bila kuruka hata siku moja.

Kidonge kimoja cha FEFO kina kama miligramu 60 za chuma halisi. Kwa ukarimu uleule wa sehemu 10 kati ya 100, mwili unachukua 6. Vidonge viwili kwa siku, kama tunavyompa mjamzito mwenye upungufu, vinaweza kumfikisha kabla ya leba. Jagi halimfikishi.

Kuna atakayesema, "Mimi nilikunywa na nikapanda." Namwamini. Lakini nikimhoji nakuta alikuwa anameza na vidonge, au alitibiwa malaria wiki hizohizo, au alipimwa sehemu mbili tofauti. Tone la kidoleni si hirizi. Kidole kikiwa cha baridi, mpimaji akakikamua kwa nguvu, maji ya mwilini yanachanganyika na damu na kipimo kinasoma chini. Kesho yake akichomwa vizuri anasoma juu. Tofauti ya nusu gramu hainishtui, wala hainifurahishi.

Sisemi chakula hakina maana. Chakula ndicho kinachomlinda asiyeishiwa, na kinamsaidia aliyeishiwa asirudi alikotoka. Nyama, maini, samaki na dagaa vina chuma ambacho mwili hukipokea kwa urahisi, na kipande kidogo tu cha nyama ndani ya maharage kinafanya chuma cha maharage yenyewe kinyonywe vizuri zaidi. Maini mara moja kwa wiki yanatosha kwa mjamzito, kwa sababu yana vitamini A nyingi mno. Mchicha na matembele kuleni, vina foliki pia, ila msivitegemee peke yake. Unga wa viwanda vikubwa huwa umeongezewa chuma, lakini sembe ya mashine ya mtaani kwa kawaida haijaongezewa, na wengi wa wagonjwa wangu wanakula hiyo.

Tatizo kubwa la mezani kwetu ni chai. Hapa naomba niruhusiwe kukaa, maana naweza kurudia jambo hili mara 20 kwa siku na bado jioni nikamkuta mtu anashushia FEFO kwa chai ya rangi. Tanini za chai hukamata chuma tumboni na kukifanya kisinyonyeke. Kikombe kimoja pamoja na mlo kinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya chuma cha maharage na mboga. Kahawa nayo hufanya hivyo. Chai ya maziwa hainusuru kitu. Watu wakinisikia wanaelewa kwamba nimekataza chai. Sijakataza chai! Nimekataza chai iliyokaa sahani moja na chakula, au glasi moja na kidonge. Kunywa chai yako saa moja au mbili baada ya kula na utakuwa umeokoa sehemu kubwa. Kwenye mlo weka chungwa, embe, ukwaju au ndimu, kwa sababu vitamini C inafanya kazi kinyume cha tanini.

Na bado hapo kuna jambo lililonisumbua. Miaka yote nimewaambia watu wameze kidonge kwa juisi ya chungwa. Mwaka 2020 likachapishwa jaribio lililofanyika Shanghai kwa watu wazima 440 wenye upungufu wa damu wa kukosa chuma. Nusu yao walipewa vidonge vya chuma pekee, nusu wakaongezewa vitamini C. Damu ilipanda karibu sawasawa. Kwa hiyo chungwa kwenye maharage, ndiyo. Chungwa juu ya kidonge, ukilikosa usihangaike, maji safi yanatosha. Nilibadilisha maneno yangu kliniki, na najua wapo wenzangu ambao hawajabadilisha.

Kichefuchefu nacho nakijua, si uvivu wala ukaidi wa mtu. Meza usiku unapokwenda kulala. Ikishindikana, meza na chakula kidogo, utapoteza kiasi lakini kidonge kilichomezwa ni bora kuliko kilichobaki mkobani. Choo kitakuwa cheusi. Hiyo ni rangi ya chuma kilichobaki, si sumu inayotoka. Dawa za kiungulia zitenganishe na FEFO kwa saa kadhaa. Na vidonge hivi viwekwe juu, mbali na watoto: mtoto mdogo akimeza vingi vinaweza kumuua, na wengi wanavipenda kwa sababu vinafanana na peremende.

Sasa swali ninaloulizwa na wauguzi wenzangu: kila siku, au siku moja ndiyo na siku moja hapana? Ini hutoa homoni inayoitwa hepsidini, ambayo ndiyo bawabu wa chuma. Ukimeza kidonge leo, hepsidini inapanda na kuufunga mlango kwa karibu saa 24, kwa hiyo kidonge cha kesho kinakuta mlango umeegeshwa. Watafiti wa Zurich walionyesha mwaka 2015 kwamba kidonge cha leo hupunguza unyonyaji wa kidonge cha kesho, kisha 2017 wakaonyesha kwamba wanawake waliomeza siku moja na kuruka moja walinyonya sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge. Ni kazi nzuri na ninaiamini. Lakini wanawake wale wa 2017 walikuwa na akiba ndogo ya chuma bila kuwa na upungufu wa damu, hawakuwa wajawazito, na hawakuwa na malaria. Mtu wa namna hiyo akija kwangu analalamikia uchovu, nywele zinakatika, damu 12, nitamwambia aruke siku bila wasiwasi. Mjamzito wa wiki ya 30 mwenye 7.8 bado nampa kila siku, kama mwongozo unavyosema, nikijua kwamba mlango huenda umeegeshwa. Asiyevistahimili kabisa, namruhusu aruke siku, na moyoni sina uhakika kama nampotezea muda au namsaidia.

Kosa la pili kwa ukubwa, baada ya jagi, ni kuacha mapema. Mtu anafika 11, anashangilia, vidonge anagawia jirani. Damu kupanda si akiba kujaa. Chuma cha kwanza kinachoingia kinakwenda kutengeneza chembe nyekundu. Ghala la ini linajazwa baadaye. Ndiyo maana tunasema endelea kwa miezi 3 hivi baada ya damu kuwa sawa. Kipimo cha ghala ni feritini, na kituoni kwetu hatunacho. Nasema wazi: tunatibu kwa kutazama himoglobini pekee, na wapo tunaowapa chuma ambao shida yao si chuma. Hata feritini yenyewe hudanganya, kwa kuwa inapanda mtu akiwa na maambukizi au uvimbe mwilini. Kwa mtu mzima mwenye afya, feritini chini ya mikrogramu 15 kwa lita ni ghala tupu, lakini akiwa na maambukizi tunashuku mpaka 70.

Na shida isiyo ya chuma ipo nyingi. Malaria huvunja chembe nyekundu na tena hupandisha hepsidini, kwa hiyo hasara inakuwa mara mbili. Mwenye selimundu ana damu pungufu kwa sababu chembe zake zinavunjika haraka. Usimwongezee chuma kwa kukisia. Safura, ile minyoo inayoingilia nyayo za miguu, hunyonya damu kila siku kidogokidogo, na ukimjaza mtu vidonge bila dawa ya minyoo unateka maji kwa ndoo iliyotoboka. Hedhi nzito nayo haitibiwi kwa mboga. Na wale wanaokula udongo wa vijiti, wengine huuita pemba: naomba msiufiche mkiulizwa. Hatutawacheka. Hamu ya udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe unaweza kukamata chuma unachokula.

Kisiwa cha Pemba chenyewe kilitufundisha jambo ambalo kila anayempa mtoto wake matone ya chuma bila kupima analazimika kulijua. Lilifanyika huko jaribio kubwa la kuwapa watoto wadogo chuma na foliki kila siku. Mwaka 2003 sehemu hiyo ikasimamishwa kabla ya muda, kwa sababu watoto waliopewa chuma walilazwa au kufariki zaidi ya wenzao, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma walielekea kunufaika. Hatari ilikuwa kwa waliopewa bila kukihitaji, katika mazingira ya malaria kali. Tangu hapo kanuni kwa watoto ni kwamba chuma kiende sambamba na kinga na tiba ya malaria. Kwa wajawazito nina amani zaidi: jaribio la Dar es Salaam lililochapishwa mwaka 2015, kwa wanawake 1,500 ambao hawakuwa na upungufu, halikuona malaria ya kondo la nyuma ikiongezeka.

Moja la haraka kwa wajawazito wanaonunua foliki duka la dawa: ya miligramu 5 isimezwe wakati mmoja na SP, ile dawa ya kuzuia malaria tunayowapa wajawazito kliniki, maana inaipunguzia SP nguvu. Kiasi kidogo kilichomo kwenye FEFO hakina shida.

Yule binti nilimpima malaria, nikampa dawa ya minyoo, nikamwambia ameze FEFO usiku na maji. Nikamwomba mama mkwe aje naye, akaja mchana huohuo. "Shikamoo mama," nikamwambia, nikamkalisha, nikamfanyia hesabu ya kilo 625 kwenye karatasi. Akaitazama sana. Kisha akaniuliza swali zuri kuliko yote niliyoulizwa wiki hiyo: "Sasa hela ya bitiruti niinunulie nini?" Dagaa, nikamwambia, na maharage, na nyama kidogo ukipata, na chungwa. Chai asogeze mbele.

Nawasubiri wiki ya 34. Baada ya wiki 4 natarajia damu ipande walau gramu 1. Ikigoma, nitauliza tena kuhusu vidonge na chai, kisha nitaandika rufaa akawekewe chuma cha mshipani, kwa sababu hapo kutakuwa kumebaki muda mchache kuliko ule ambao vidonge vinauhitaji. Na ikishuka chini ya 7, sitangoja hizo wiki 4.