Uendelevu wa mifumo ya taarifa za afya: maana yake, na kinachoukwamisha

Mfumo wa taarifa za afya ni endelevu pale unapoendelea kufanya kazi kwa fedha na watu wa hapa hapa, baada ya mfadhili aliyeuanzisha kuondoka. Kipimo chake ni maswali mawili. Kompyuta ikifa leo, nani analipa? Nani anatengeneza? Kama jibu ni "mradi", uendelevu bado.

Chukua DHIS2, programu ya takwimu za afya inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Tanzania iliieneza nchi nzima kufikia mwaka 2013, juu ya MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya) ya vitabu iliyokuwepo tangu miaka ya 1990. Leseni yake hailipiwi, na hapo wengi hukosea hesabu, kwa sababu seva, intaneti, mafunzo na mishahara ya wataalamu vyote vinalipiwa. Imedumu kwa sehemu kubwa kwa kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu wanaoijua ndani nje.

Zahanati ya wilaya za kusini magharibi kama Makete, Ludewa au Rungwe ina tatizo la karibu zaidi: umeme. Kati ya Novemba na Aprili mvua huja na radi, na radi haipiti kwenye nyaya za umeme peke yake. Huingia pia kwa waya wa mtandao unaotoka kwenye antena ya nje, ikaunguza ruta (kifaa kinachogawa intaneti) na kompyuta kwa pamoja. Kwa hiyo waya wa ardhi uwepo na upimwe, na wingu likitanda chomoa waya wa umeme na wa mtandao pia.

Sola nayo ina hesabu zake. Kompyuta mpakato ya wati 40 ikitumika saa 8 inakula wati-saa 320. Ruta ya wati 10 inaongeza 80, jumla 400. Betri ya asidi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, inabeba wati-saa 1,200, lakini isishushwe chini ya nusu, yaani unazo 600 tu. Zinatosha, mpaka watu waanze kuchaji simu zao na kuwasha televisheni. Betri iliyopumzika ikisoma volti 12.7 imejaa, ikisoma kama 12.1 imebaki nusu, zima. Inayokaushwa kila usiku haifiki miaka yake 3 hadi 5. Siku za ukungu na mawingu mazito, kama zile za Tukuyu, paneli huchaji kidogo sana, hivyo ukubwa wake upangwe kwa siku hizo, si kwa siku za jua kali.

Bajeti ndiyo kiini cha yote. Mradi hununua vifaa, lakini betri za UPS (kifaa kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika) huchoka baada ya miaka 2 au 3, kompyuta baada ya 4 au 5, na bando la intaneti huisha kila mwezi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, kwa hiyo mganga mfawidhi na kamati yake wanaweza kutenga fungu la vitu hivi wakati wa kupanga. Wakisubiri katikati ya mwaka, bando litashindana na dawa, na ni haki dawa zishinde.

Kisha kuna mzigo wa kuandika mara mbili. Muuguzi aliye peke yake zamu nzima anajaza kitabu cha MTUHA, kadi ya mgonjwa, halafu kompyuta. Foleni ikirefuka, kinachoachwa kwanza ni kompyuta, na hatuoni namna ya kumlaumu. Mfumo usioondoa walau kitabu kimoja mezani kwake unamdai kazi bila kumlipa chochote.

Mwisho ni uhamisho. Mtumishi aliyefunzwa akihamia wilaya nyingine anaondoka na nywila pamoja na ujuzi. Wafunzwe wawili au zaidi, akaunti ya msimamizi iwe ya kituo badala ya mtu, na makabidhiano yaandikwe: vifaa vilivyopo, nakala za data zinahifadhiwa wapi, na lini mara ya mwisho nakala hiyo ilijaribiwa kurejeshwa ikafunguka.