Rekodi si ya Jyoti Basu tena

Ukiuliza ni nani aliyeongoza jimbo la India kwa muda mrefu zaidi, wengi bado watakutajia Jyoti Basu, mkomunisti aliyekuwa Waziri Kiongozi wa West Bengal tangu Juni 1977 hadi Novemba 2000. Aliishika kweli rekodi hiyo, ila Aprili 2018 alipitwa na Pawan Kumar Chamling wa Sikkim, aliyeingia madarakani Desemba 1994 na kubwagwa kwenye uchaguzi wa 2019. Naveen Patnaik wa Odisha naye alimpita Basu mwaka 2023.

Nadhani Chamling anasahaulika kwa sababu Sikkim ni ndogo mno: sensa ya 2011 ilihesabu watu 610,000 hivi. Basu, kwa upande wake, mwaka 1996 nusura awe Waziri Mkuu wa India. Chama chake mwenyewe ndicho kilichomzuia.